Kizimba cha uume: kinapobana, kinapochubua, kinapogoma kufunguka

Mwongozo huu ni wa watu wazima wawili waliokubaliana, kila mmoja kwa hiari yake, kwamba mmoja avae kizimba cha uume, yaani kifaa cha kufungwa kwa kufuli kinachozuia uume usisimame, na mwenzake atunze ufunguo. Wanandoa wa namna hiyo wapo Mwanza kama walivyo kwingine. Kwa kuwa jambo lenyewe halisemwi barazani, hitilafu ndogo hunyamaziwa mpaka inakuwa jeraha, na mtu anafika hospitali akiwa amechelewa kwa sababu ya aibu tu. Ndiyo maana nimeandika kwa kufuata dalili: tafuta kinachokusumbua, soma hapo, chukua hatua.

Kifaa kina sehemu tatu. Kuna pete ya nyuma inayozunguka uume na korodani kwa pamoja, kuna kizimba kinachofunika uume, na kuna kufuli linaloviunganisha. Malalamiko mengi yanaanzia kwenye pete. Watu huchagua kizimba kwa macho, wakalinganisha rangi na umbo, kisha pete wakachukua yoyote iliyokuja kwenye boksi. Fanya kinyume. Pete ikikaa sawa, mambo mengi yaliyoandikwa hapa chini hutayaona kabisa.

Vua sasa hivi

Dalili hizi hazina kusubiri. Fungua kufuli, toa kizimba, toa pete:

- Rangi imebadilika. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu. Linganisha na ngozi ya paja la ndani, na angalia kichwa cha uume. Zambarau, kijivu au weusi usio wa kawaida ni damu iliyokwama.
- Ukigusa pamepoa, wakati mwili unaopakana napo una joto.
- Ganzi. Maumivu yakikoma yenyewe na ganzi ikashika nafasi yake, usidhani umezoea. Hali imekuwa mbaya zaidi.
- Kibofu kimejaa na mkojo hautoki.
- Korodani moja imeuma ghafla na kwa nguvu, hasa ukiwa na kichefuchefu. Korodani ikijisokota, daktari ana takriban saa sita za kuiokoa.
- Kifaa kimetoka lakini uume umesimama na hautulii. Ukiendelea hivyo kwa saa nne mfululizo, ni dharura.

Ukishavua, rangi na hisia zinapaswa kurudi ndani ya dakika chache. Zisiporudi, au pete ikigoma kutoka, nenda hospitali hata kama ni usiku wa manane.

Wapo wasiopaswa kuvaa kabisa. Wa kwanza ni mwenye selimundu, na hili nalisisitiza kwa sababu Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo ya Tanzania yenye wagonjwa wengi zaidi. Ugonjwa huo unaweza peke yake kusababisha uume kusimama kwa saa nyingi na kuharibika. Ukiongeza pete ya chuma umejitafutia balaa. Wengine ni mwenye kisukari kilichokwisha kupunguza hisia mwilini, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, mwenye busha au ngiri, na aliyetahiriwa karibuni ambaye hajamaliza angalau wiki sita za kupona.

Pamevimba, na pete haitoki

Chanzo cha kawaida kuliko vyote ni pete ndogo. Kinachofuata ni kulala nayo kabla mwili haujazoea. Cha tatu ni pombe: aliyelewa hasikii maumivu ambayo yangemwamsha, na damu inaendelea kujaa huku anakoroma. Vidonge vya usingizi vina hatari hiyohiyo. Cha nne ni dawa za nguvu za kiume, ziwe vidonge vya duka la dawa au vumbi la Kongo. Hizo na kizimba havikutani kabisa, hata kwa kujaribu mara moja. Mara chache uvimbe unatokana na maambukizi, au ni busha lililoanza kujijenga bila mtu kujua.

Anza na mambo mepesi. Fungua kufuli, toa kizimba kwanza, pete iache ilipo. Lala chali, weka mito miwili chini ya makalio ili damu ishuke, na utulie. Chukua barafu au chupa ya maji ya baridi, ifunge kwenye kipande cha kanga, weka juu ya uvimbe dakika kumi, ondoa dakika tano, rudia. Barafu isiguse ngozi moja kwa moja. Ngozi hiyo ni laini na inaungua kwa baridi kama inavyoungua kwa moto.

Uvimbe ukipungua, paka kilainishi kingi pande zote mbili za pete. Utaratibu wa kutoa ni kinyume cha ule wa kuvaa. Wakati wa kuvaa, korodani zilipita moja moja na uume ukafuata. Kwa hiyo sasa uume unatangulia: usukume taratibu urudi nyuma kupitia pete, kisha korodani moja, kisha ya pili. Anayeivuta pete yote kwa mkupuo anaongeza uvimbe, na pete inazidi kukaza.

Ukimaliza mizunguko miwili au mitatu ya baridi na pete bado imeng'ang'ania, acha. Usichukue msumeno wa chuma, na usiende kwa fundi wa kuchomelea mwenye grinda. Najua fundi yupo karibu na hospitali iko mbali, lakini grinda inapokata chuma cha pua, pete inapata moto wa kuunguza nyama ndani ya sekunde, na hapo hakuna nafasi ya mkono kuteleza. Hospitalini wana vikata pete na wana namna ya kupoza chuma kinapokatwa. Chuma kikiwa kinene kupita vifaa vyao, wanaweza kuwaita Zimamoto, ambao nao hupatikana kwa 114.

Anayeanza achague pete yenye bawaba, inayofunguka kama bangili. Inagharimu zaidi kidogo, na inaweza kubana nywele kwenye maungio. Lakini usiku mambo yakiharibika inafunguka bila kupitisha chochote ndani yake, na kwa faida hiyo naipendekeza kuliko pete ya mduara mzima.

Unaamka usiku kwa maumivu

Mwanaume mwenye afya husimama usingizini mara tatu hadi tano kwa usiku mmoja, bila ndoto yoyote ya mapenzi. Mwili unafanya hivyo wenyewe na hauzuiliki kwa nia. Kizimba kinauzuia uume usirefuke, nao unasukuma mbele, unaivuta pete, pete inavuta korodani. Ndiyo maana unaamka saa tisa au saa kumi alfajiri ukiwa umekunja miguu.

Kwa wengi chanzo ni ugeni tu, na hupungua baada ya wiki kadhaa. Kwa wengine ni kibofu kilichojaa: punguza maji na chai baada ya saa mbili usiku, kojoa kabla ya kulala. Ukiamka, inuka, tembea, kakojoe, nawia maji ya baridi miguuni. Kusimama kukitulia, maumivu yanapaswa kuisha ndani ya dakika chache. Yakibaki hata baada ya kutulia, hiyo si shida ya usingizi. Pete ni ndogo, au nafasi kati ya pete na kizimba ni finyu. Vua mpaka asubuhi.

Mpango ninaoushauri ni mvivu kwa makusudi. Siku za kwanza vaa saa moja au mbili mchana, ukiwa nyumbani. Kisha nusu siku. Kisha siku nzima ya kazi. Usiku uje mwisho, baada ya kuvaa mchana kutwa kwa siku kadhaa bila uvimbe wala mchubuko. Wanaoanza na usiku kwa kuwa ndio wakati wa faragha ndio wanaorudi na hadithi mbaya.

Kinachomoka, au korodani moja inaponyoka

Watu wengi hapa hukimbilia kubana zaidi, na hivyo hurudi kwenye tatizo la uvimbe. Pima kwanza.

Chukua uzi laini au tepu ya fundi cherehani. Zungusha nyuma ya korodani na juu ya uume, pale mwili unapoanzia, uume ukiwa umelala. Uzi uguse ngozi bila kuizamisha. Mzingo ulioupata gawanya kwa 3.14, na jibu ni kipenyo cha pete: mzingo wa sentimita 15.7 unakupa pete ya milimita 50. Pima asubuhi, pima tena mchana wa jua kali, pima jioni baada ya kuoga, kwa sababu mfuko wa korodani hulegea kwenye joto na kujikunyata kwenye baridi. Chukua wastani. Ukiwa katikati ya saizi mbili, anza na kubwa. Pete ikishavaliwa, kidole kidogo kipite kati yake na ngozi bila kulazimisha.

Sasa vyanzo. Kinachoongoza, na watu hawakitarajii, ni kizimba kirefu. Uume ukipata nafasi tupu mbele unasimama nusu, unakisukuma kifaa chote, na mwisho unachomoka kwa nyuma. Kizimba kiwe sawa na urefu wa uume uliolala, au pungufu kidogo, kwa kiasi kisichozidi sentimita moja. Cha pili ni nafasi kati ya pete na kizimba kuwa pana. Ikizidi, ngozi na hata korodani hupenya. Ikiwa finyu mno, ngozi hubanwa mpaka inatoa malengelenge. Vifaa vingi huja na vipande vya kubadilisha nafasi hiyo, na milimita kumi ni mahali pazuri pa kuanzia. Pete kubwa mno ndiyo chanzo cha tatu. Ukilazimika kupunguza, shuka hatua moja, milimita tatu hadi tano, kisha rudia majaribio ya saa moja kana kwamba ni kifaa kipya.

Mwenye uwezo wa kuchomoa uume bila kufungua kufuli hana hitilafu ya kiafya. Vifaa vya kununua dukani karibu vyote vinaruhusu hilo kwa kiasi fulani. Sioni sababu ya kuongeza miiba au vimrija vya kuingiza kwenye njia ya mkojo ili kuziba mwanya huo. Kimrija kinakwaruza ndani, kinaleta maambukizi, na kovu lake linaweza kuifinya njia ya mkojo maisha yote. Kifaa kikija nacho, kitoe ukiweke pembeni.

Ngozi imechubuka au imetoka malengelenge

Sehemu tatu ndizo zinazoumia: chini ya korodani ambako pete inakaa, pembeni kwenye maungio, na mwanzo wa kizimba.

Mwanza jasho na msuguano ndivyo vinavyotangulia. Hewa ya ziwa ina unyevu, nguo za ndani zinaloa kabla ya saa sita mchana, na anayeshinda juu ya bodaboda akipanda na kushuka vilima vya Isamilo au Igogo anagandamiza pete kwenye kiti kwa kila jiwe analopita. Mwenye kazi hiyo avue akiwa kazini. Kama safari ni ya mara moja, akae wima na kuhamisha uzito kwenye mapaja. Nguo ya ndani iwe ya pamba, yenye kushika vizuri, ili kifaa kisining'inie. Suruali ya jinzi iliyobana ipumzishwe.

Kinachofuata ni ukavu. Paka mafuta kidogo sana pale pete inapopita, asubuhi na jioni. Mafuta ya mgando yanafaa kwa chuma na plastiki ngumu. Kifaa cha silikoni kinataka kilainishi cha maji, kwa maana vilainishi vya silikoni vinakilainisha mpaka kinanata. Na ikiwa mna kawaida ya kutumia kondomu, osha mafuta ya mgando na ya nazi yote kabla, kwa sababu mafuta huharibu mpira wake.

Nywele nazo huchangia. Zipunguze kwa mashine ya kunyolea ziwe fupi. Usizinyoe kwa wembe mpaka kwenye ngozi, zikianza kuota zitachoma na kuingia ndani.

Mchubuko mwepesi: vua, osha kwa maji na sabuni isiyo na manukato, kausha, acha hewa ipite. Usivae mpaka ngozi iwe imefunga kabisa na haiumi ukiigusa. Kidonda chenye maji ya njano, joto au wekundu unaotanuka kinataka kuonwa na mtaalamu. Usikitie unga wa vidonge vya kuua vijidudu ulivyovunja mwenyewe. Nimeona tabia hiyo, na inaficha ugonjwa bila kuutibu.

Inawasha, ina vipele

Angalia vilipo. Vikifuata umbo la pete kama vimechorwa, ni chuma. Vifaa vya bei ya chini mara nyingi ni aloi, yaani mchanganyiko wa metali, iliyopakwa rangi ya fedha. Rangi ikibanduka, nikeli inagusa ngozi, na wapo ambao ngozi yao haiivumilii. Kama saa au bizimu ya mkanda iliwahi kukuwasha, ujue uko kundi hilo. Kifaa kilichobanduka kitupwe, hakina ukarabati. Nunua chuma cha pua cha daraja la 316L, titani, au plastiki ya polikaboneti isiyo na kingo kali. Pitisha pamba kwenye kingo zote kabla ya kuvaa mara ya kwanza: ikinasa nyuzi, itanasa na ngozi.

Vipele vikisambaa kwenye mikunjo ya mapaja, vyenye ukingo uliojitokeza na vinavyowasha, yaelekea ni fangasi. Dawa ya kupaka ya klotrimazoli inapatikana maduka ya dawa, na itumike kwa muda wote ulioandikwa hata kama muwasho umekwisha mapema. Kifaa kikae nje mpaka upone. Jihadhari na krimu za mchanganyiko zenye steroidi: zinatuliza siku mbili, halafu fangasi wanarudi kwa nguvu na ngozi imekuwa nyembamba.

Harufu, uchafu, usaha

Harufu ni usafi tu, mara nyingi. Osha kila siku kwa maji ya vuguvugu, mimina kwa kikombe au chupa yenye mdomo mwembamba ili yapite ndani ya kizimba, kisha kausha kwa feni au kitambaa. Kifaa kitoke kabisa ili mwili uoshwe na kukaguliwa. Kwa anayeanza iwe kila siku, kwa mzoefu kila siku mbili au tatu. Wapo wanaojisifu kwa wiki nzima. Kwa joto letu siwaungi mkono.

Asiyetahiriwa ana kazi ya ziada. Uchafu mweupe hujikusanya chini ya govi, na kizimba kinauficha. Tena ahakikishe govi limefunika kichwa cha uume wakati wa kuvaa. Likivutwa nyuma na kubaki huko, linaweza kukaza kama uzi, kichwa kikavimba, na lisirudi tena. Likigoma kurudi kwa mkono laini na kilainishi, hiyo ni dharura ya hospitali siku hiyohiyo.

Usaha ukitoka kwenye tundu la mkojo, pamoja na kuungua unapokojoa, acha kulaumu kifaa. Nendeni wote wawili mkapime magonjwa ya zinaa.

Mkojo

Unamwagika ovyo: tundu la kizimba halijalingana na tundu la mkojo. Kaa chini unapokojoa, subiri matone yaishe, suuza kwa maji.

Unaungua: kunywa maji zaidi, ongeza usafi, pumzisha kifaa. Ukiendelea zaidi ya siku moja, au homa ikiingia, kapime mkojo.

Kuna damu. Hapa nataka msomaji wa Kanda ya Ziwa asimame kidogo. Kifaa kinaweza kukwaruza ngozi na tone la damu likachanganyika na mkojo, lakini damu inayojirudia, hasa mwishoni mwa mkojo, kwetu inamaanisha kwanza kichocho. Kichocho cha mkojo hupatikana zaidi kwenye madimbwi, malambo na mashamba ya mpunga ya bara, upande wa Misungwi, Kwimba na kuelekea Shinyanga. Kile cha ufukweni mwa ziwa kwa kiasi kikubwa ni cha tumbo, na damu yake huonekana kwenye choo kikubwa. Mtu aliyekulia kwenye mpunga anaweza kuvua kizimba chake, akadhani amepata dawa, huku vimelea vikiendelea kuharibu kibofu. Kipimo cha mkojo ni rahisi, na dawa yake, prazikwanteli, ipo. Ukiona damu, vua kifaa na upime, yote mawili.

Hautoki kabisa: soma tena sehemu ya kuvua sasa hivi.

Kufuli limegoma, au ufunguo haupo

Makufuli madogo ya shaba yanashika kutu na uchafu. Anayeoga ziwani nacho analiingizia mchanga, na mchanga wa ziwa ni mwembamba, unaingia mpaka kwenye pini. Suuza kwa maji safi, kausha, chonga risasi ya penseli upate unga na uingize kidogo kwa ufunguo. Usitie mafuta ya kula. Yanashika vumbi na kuganda. Likikwama, tikisa ufunguo taratibu huku unalibonyeza kufuli ndani. Usiupinde, ukivunjikia humo kazi imekuwa mbili.

Kufuli la shaba linakatwa kwa mkasi wa kukatia vyuma bila shida kubwa, kwa sharti kwamba mtu wa pili anashika mwanga na kuna kitambaa kinene au kipande cha bati kati ya mkasi na mwili. Kizimba cha plastiki hukatika kwa plaizi ndogo, kipande kwa kipande, kuanzia mbali na ngozi. Chuma cha pua usikikate nyumbani, nimeshasema.

Lakini tatizo hili lote huzuilika kwa ufunguo wa akiba. Uweke kwenye bahasha iliyofungwa kwa sili ya plastiki yenye namba, kama zile za mita. Sili ikikatwa, mwenye ufunguo atajua, na makubaliano yenu yanabaki na maana. Uhai wa mvaaji nao unabaki mikononi mwake mwenyewe. Akiba hiyo isafiri na mvaaji. Haiwezekani ufunguo uko Nansio na mvaaji yuko Mwanza mjini, kwa maana kati yao kuna ziwa na ratiba ya meli. Mvuvi anayelala majini asivae kabisa. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, wa Sengerema hasubiri tena kivuko, lakini hata njia ya lami ni ndefu kwa mtu aliyevimba.

Makufuli yanayofunguliwa kwa simu siyapendekezi. Oktoba 2020 wataalamu wa usalama wa mitandao wa Pen Test Partners, Uingereza, walitangaza udhaifu kwenye kifaa kiitwacho Cellmate cha kampuni ya Qiui ya China: mtu baki aliweza kukifunga kwa mbali, na kifaa hakikuwa na njia ya kufungua kwa mkono. Muda mfupi baadaye wahalifu walianza kuwadai watumiaji pesa. Ongeza chaji iliyoisha na bando lililokatika, utaona kwa nini ufunguo wa kawaida unashinda.

Kwa ndege, vua kabla ya kwenda uwanjani, au vaa cha plastiki chenye sili ya plastiki badala ya kufuli. Kabla ya kipimo cha MRI, kinachotumia sumaku kubwa, au upasuaji wowote, vua bila mjadala.

Anayevaa anataka kuvua, mwenye ufunguo anakataa

Hii nayo ni hitilafu, na ni mbaya kuliko kutu.

Chanzo cha kawaida ni kwamba hamkuzungumza vya kutosha. Mmoja alidhani "niachie" ni sehemu ya mchezo, mwingine alimaanisha. Chagueni neno moja lisiloweza kuchanganywa na mahaba, jina la samaki au la mtaa, na likitamkwa kufuli linafunguliwa papo hapo, bila kuuliza kwa nini, bila kununa wala adhabu. Mkubaliane pia muda, usafi, nani anajua, na siku ya kukaa kuzungumza upya. Idhini ya Jumatatu si idhini ya Alhamisi.

Chanzo cha pili ni wivu. Mume au mke anakitumia kifaa kama dawa ya kutoaminiana, na mwenzake anavaa ili kuepusha ugomvi. Kukubali kwa namna hiyo si kukubali. Vueni, ongeeni, mtafuteni mshauri mnayemwamini. Na kama unafungiwa kwa vitisho, kwa kipigo, au kwa kunyimwa pesa ya matumizi, huo ni ukatili. Kituo cha polisi chenye Dawati la Jinsia na Watoto kinapokea malalamiko ya wanaume vilevile.

Mkanda wa kike

Huu ni mkanda wa kufungwa kwa kufuli unaofunika sehemu za siri za mwanamke. Nausema kwa ufupi, maana sheria ni zilezile. Maumivu yake makubwa huwa kwenye mifupa ya nyonga na katikati ya mapaja, na chanzo ni kiuno kilichopimwa mtu akiwa amesimama tu: pima ukiwa umekaa pia. Kuwashwa ukeni, uchafu uliobadilika rangi au kuungua kwa mkojo ni sababu ya kuvua na kupimwa. Wakati wa hedhi usivae.

Ukifika mapokezi

Mwanza mjini, Bugando na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Sekou Toure zina idara za dharura. Nje ya mji, anza na hospitali ya wilaya. Usiipite kwa kuogopa kujulikana, kwa sababu kila saa inahesabika.

Huna haja ya kusimulia ndoa yako dirishani. Msalimie wa mapokezi na useme: "Nina dharura ya sehemu za siri, naomba kuonana na daktari faraghani." Ukiwa ndani, sema wazi: "Nimevaa kifaa cha chuma, pete haitoki, pamevimba tangu saa nne usiku, na kuanzia saa saba sisikii kitu." Saa ulizotaja ndizo zitakazomwongoza daktari kuliko maelezo mengine yote. Mtajie dawa unazotumia, pombe uliyokunywa, na kama una selimundu au kisukari. Kama ufunguo upo, uwe nao mkononi. Kama umejaribu barafu, mafuta au kukata, sema pia.

Ukisharuhusiwa, uliza lini urudi kukaguliwa, na urudi hata kama pameacha kuuma. Mkojo ukianza kutoka mwembamba wiki zinazofuata, au hisia zisiporudi kama zamani, omba kuonana na daktari bingwa wa mfumo wa mkojo. Pete iliyokuvimbisha usiivae tena, hata baada ya kupona: saizi yake si yako.